Kitabu Kizima Kabla ya Septemba

Jumatatu, tarehe 3 Julai 1978

Vakansi imeanza. Mimi ni mwandishi wa riwaya! Sijaandika bado, lakini jina la kitabu liko tayari: Machozi ya Béatrice.

Sababu ni hii. Jana mezani Papa alitangaza kwamba mwezi wa Septemba nitaingia section ya coupe et couture, maana kushona kunalisha. Nikasema nataka littéraire, section ya lugha na vitabu. Papa alicheka mpaka akakohoa. Kisha, kwa kuwa alikuwa ameshiba, akasema haya: nikimaliza kitabu kizima, chenye mwanzo na mwisho, kabla ya Septemba, ataniandikisha littéraire. Kisipoisha, cherehani. Maman ni shahidi. Papa ni karani, na neno lake ni kama muhuri.

Programu yangu: asubuhi kurasa kumi, mchana kurasa kumi, jioni masahihisho. Katikati ya Julai nitakuwa nimemaliza. Agosti nitapumzika.

Alhamisi, tarehe 6 Julai

Kurasa zilizoandikwa: nusu.

Asubuhi kuteka maji. Mchana kuchagua maharagi. Jioni vyombo. Watu wanaoandika vitabu, maharagi yao yanachaguliwa na nani?

Leo nilipata mbinu: malaria. Mgonjwa hapewi kazi, anaachwa kitandani na amani yake, na katika amani riwaya inakua. Nikajifunika, nikatetemeka vizuri sana. Maman hakubisha. Aliniletea mubirizi, kikombe kizima, majani yaliyopondwa, machungu kuliko dhambi. Akasimama pale mpaka nikamaliza, akauliza kama malaria yangu inahitaji kikombe cha pili.

Nimepona. Nimerudi kwa maharagi.

Jumatatu, tarehe 10 Julai

Msiba! Tonton Télesphore amefika kutoka Lubumbashi. Ni mdogo wa Maman, yuko licence kule universitaire, chuo kikuu, na anasema amekuja kuandika mémoire yake, kitabu cha kumalizia masomo, wakati wa vakansi. Nyumba yetu ya mtaa wa Kasha ina meza moja tu. Ameshaichukua. Amepanga vitabu juu yake kama ukuta wa gereza.

Mchana nilichungulia nyuma ya ukuta. Alikuwa amelala, shavu lake juu ya ukurasa wenye neno moja: Utangulizi.

Alipoamka nikaomba kona ya meza, kona ndogo tu. Akasema mwandishi wa kweli haandiki mezani, anaandika moyoni. Nikauliza kwa nini basi mémoire haiandikiwi moyoni. Maman akasema kutoka jikoni kwamba tonton si rika langu.

Naandikia nyuma ya jiko, juu ya debe lililopinduliwa. Moshi unaingia machoni. Béatrice analia sana katika sura hii. Tunalia wote wawili.

Jumamosi, tarehe 22 Julai

Asubuhi salongo ya lazima, mtaa mzima tulifagia barabara. Vumbi tu, mvua hakuna.

Mchana Tonton alisoma sura zangu tatu bila kuombwa. Akasema hadithi inakwenda, lakini majina! Alphonse? Béatrice? Katika Zaïre ya leo, iliyokataza majina ya Kizungu? Akanikumbusha kwamba hata mimi, jina Delphine ni la nyumbani tu. Shuleni mimi ni Nsimire na hakuna mwalimu atakayethubutu kuniita vingine. Hakuna mchapishaji atakayegusa Béatrice wangu.

Ni kweli kabisa. Niliona haya. Lakini majina nitoe wapi? Nikasimama mlangoni, nikasikiliza watu wanavyoitana barabarani, nikayachukua yalivyokuwa yanapita. Alphonse, mwizi wa ng'ombe anayezama ziwani, sasa ni Zihindula. Mama mkwe mlozi sasa ni Cibalonza. Kabla ya giza nilikuwa nimebadilisha kila kitu.

Riwaya imepata uzito. Jina halisi ni jina halisi!

Jumatano, tarehe 26 Julai

Leo nilimsomea Maman uani wakati anamenya mihogo. Nilipofika kwa Zihindula na ng'ombe wa watu, Maman akasimamisha kisu. Akauliza kama kweli nataka kumzamisha. Nikasema ni sanaa.

Hapo kichwa kikatokea juu ya matete ya ua. Papa Zihindula, jirani yetu, yule muuza kasiksi, pombe ya ndizi! Alikuwa amesikia yote, kuanzia wizi mpaka mapovu ya mwisho.

"Weye Delphine! Miye muzima hapa, na unanizamisha mu Kivu?"

Akataka pia kujua ng'ombe gani, yeye ambaye hajawahi kufuga hata mbuzi. Nikamweleza kwamba huyo ni Zihindula mwingine, wa fikra. Akasema wateja wake hawanywi kasiksi katika fikra, wanakunywa pale kwake, na kesho watamwuliza ngozi ya ng'ombe iko wapi.

Jioni Maman Cibalonza, anayetuuzia makala, mkaa wa jikoni, alikuwa ameshapata habari. Akaja na mikono kiunoni. "Mulozi ni miye?" Makala yake, alisema, hayapikii watu wa matusi.

Hatuna makala. Maman amenituma kuokota kuni.

Ijumaa, tarehe 28 Julai

Mungu anawapenda waandishi!

Papa Zihindula amerudi, safari hii kwa mlango, na mkungu wa ndizi begani. Akakaa. Akasifu afya ya kila mtu. Mwisho akauliza kwa sauti ndogo kama mu kitabu hakuna nafasi ya docteur. Nafasi ipo! Zihindula hazami tena. Amesoma Ulaya, anaponya watu bure.

Maman Cibalonza aliona ule mkungu unavyopita. Kabla ya saa sita, nusu gunia la makala lilikuwa mlangoni. Sasa yeye ni directrice wa shule ya wasichana, mwenye viatu virefu.

Tonton anasema haya ni matabishi, hongo tupu. Nilimjibu kwamba ni maoni ya wasomaji. Alikuwa anakula ndizi yangu ya tatu.

Jumapili, tarehe 13 Agosti

Baada ya misa walinisubiri nje ya kanisa. Mke wa Papa Zihindula anasema mke wa docteur hawezi kutembea kwa mguu: kuku mmoja, gari moja. Katekista anataka kuwa askofu, alileta mayai. Hata Tonton! Amenirudishia meza, kwa sharti awe recteur, mkuu wa universitaire, mwenye ndevu. Nimempa ndevu mpaka kifuani.

Sasa naandika kama mto Ruzizi. Kila mtu amepona, ameoa, amepanda gari. Kuna tatizo dogo tu. Hakuna anayefanya kitu. Recteur anamsalimu docteur. Docteur anamsalimu askofu. Askofu anauliza habari za directrice. Nina kaye nzima, daftari kubwa, ya salamu.

Jumanne, tarehe 29 Agosti

Kitabu hakina mwisho! Na tangu sura ya kwanza kuna ng'ombe aliyeibiwa, na hakuna mwizi. Nani aibe? Docteur? Askofu? Mtaa mzima umeshalipia uzuri wake.

Nililia kidogo, bila moshi. Niliona cherehani ndotoni.

Kisha wazo! Limebaki jina moja ambalo mwenyewe hajaleta hata yai. Ntaboba! Ndiyo, ni jina la Papa. Lakini Papa ni mtu wa ofisi, anaelewa mambo ya akili, na tena akina Ntaboba ni wengi Bushi nzima. Ntaboba wangu ni bahili. Abacost yake, suti ya kiofisi isiyo na tai, inabana tumboni, vifungo vinaomba msaada. Akicheka anakohoa. Anawanyima binti zake masomo. Ameiba ng'ombe, na nimemzamisha polepole, kurasa nne, mbele ya recteur, docteur na askofu, ambao wanamsalimu.

Sijawahi kuandika vizuri hivi. MWISHO!

Alhamisi, tarehe 31 Agosti

Papa amesoma. Kwenye salamu alisinzia. Kwa mwizi aliamka. Kuzama alikusoma amesimama.

Akaniita. Akauliza nimeiona wapi ile abacost. Maman akakimbilia jikoni, nikamsikia anacheka ndani ya sufuria. Tonton akakumbuka kwamba ana mémoire.

Papa hakupiga kelele. Akauliza Zihindula aliniletea nini hata akawa docteur. Ndizi, Papa. Na directrice? Makala. Na askofu? Mayai. Na yeye, baba wa nyumba, anayelipa minerval, ada ya shule?

Akasema kitabu ni kizima, kina mwanzo na mwisho, kwa hiyo sitaingia coupe et couture. Moyo wangu uliruka! Lakini akasema mtoto anayeweza kuuza uhai wa mtu kwa mkungu wa ndizi, na mtu akashukuru, kumpeleka littéraire ni kumpoteza. Ameniandikisha commerciale, section ya biashara.

Nikasema Papa aliahidi. Akasema mtu aliyekufa maji hadaiwi ahadi.

Jumatatu, tarehe 4 Septemba

Siku ya kwanza, section commerciale. Wasichana wanahesabu haraka kuliko mimi.

Nimefikiri sana juu ya kosa langu, kama masista walivyotufundisha. Nimeliona. Nilimpa Papa kitabu kabla ya kumpa nafasi ya kuleta kitu. Halitarudiwa.

Riwaya ya pili imeanza leo, saa ya comptabilité, somo la hesabu za pesa, chini ya dawati. Mwalimu wetu ni mrefu, mkali, ana sauti ya ngoma. Anaitwa citoyen Cirimwami. Jina zuri sana kwa mchawi.