Shahidi Wangu wa Jangwani

Jumamosi, 3 Rajabu. Basra.
Sheikh wetu kazikwa jana. Nguzo yake msikitini haina mtu! Mwenye kuegemea nguzo ile ndiye mwalimu, wengine tunakaa mkekani kusikiliza. Miaka kumi na tisa nasikiliza, nimechoka. Kadhi kaamua Alhamisi nibishane na Zufar, yule wa kutoka mji wa Kufa. Mshindi aegemee. Ubishi ni wa sarufi: mimi nasema kiima husimama kwa sababu kimeanza sentensi. Zufar anasema kiima na kiarifu vimeshikiliana, kama walevi wawili njiani. Upuuzi mtupu! Leo kanisalimia kwa tabasamu. Ana lake jambo.

Jumapili, 4 Rajabu.
Nimepata shahidi! Jahdar, bedui halisi, kaja sokoni kuuza samli. Mabedui wakisema, wanasarufi kimya, maana ulimi wa jangwani ndio safi. Anasema kama nisemavyo mimi. Ila Zufar alikuwa hatua chache tu, ananunua vitunguu. Vitunguu! Nimemvuta Jahdar mpaka kwangu, nikakomea mlango.

Jumatatu, 5 Rajabu.
Mke wangu Lubana kaniambia nimwache mgeni akalale na ngamia wake nje ya mji, Alhamisi atakuja mwenyewe. Ili Zufar amwibe? Nikamuuliza yuko upande wa nani. Kaninunia. Mtu asiye na hatia hununa?

Jumatano, 7 Rajabu.
Jahdar juzi alilia kutaka kwao. Leo hataki kusikia. Kala bokoboko bakuli tatu, kalala kwenye godoro langu, ananiita ami. Dirishani anapiga soga na muuza maharage, keshaanza kucheka kama yeye. Nimefunga dirisha. Yule muuza maharage simwamini hata kidogo.

Alhamisi, 8 Rajabu.
Mungu wangu! Zufar hakugusa sarufi kabisa. Kamuuliza Jahdar analala wapi. Jahdar, kwa madaha, kataja godoro, bokoboko, hata kuoga hamamu. Siku nne! Kadhi akasema ulimi uliokaa mjini siku nne umeshaoza, ushahidi haupokelewi. Msikiti mzima ukaangua kicheko. Shahidi wa Zufar akaingia na vumbi lake, hajala, kakasirika, akasema neno moja akaondoka. Nguzo kapewa Zufar.

Kweli, mwaka jana mimi ndiye niliyemkataa shahidi wa Zufar kwa kulala mjini usiku mmoja. Lakini yule alikuwa wa Zufar!

Nimerudi mkekani. Nimelia, siku hizi sioni haya.

Jumamosi, 10 Rajabu.
Nimeligundua kosa. Jahdar alionekana dirishani! Sheikh mwingine, wa nguzo ya mlangoni, anakohoa vibaya, nguzo yake itabaki wazi karibuni, kwa hiyo nimejiandaa mapema. Nimeleta bedui mwingine, mzee, pamoja na wake zake wawili. Nimewapa chumba cha ndani kisicho na dirisha. Watakula na kulala humo mpaka Ramadhani, na Zufar hatapata habari.