Nani Alipika Bukari ya Mutshatsha?

Jumatatu, 3 Juni 2024

Siku kubwa! Mama Kabedi, mama yake Ernestine wangu, amekubali nitengeneze filamu ya kitabu chake. Kina kurasa arobaini, alikichapisha parokiani kumkumbuka marehemu mume wake, Tata Antoine. Hadithi ni fupi. Treni inaharibika stesheni ya Mutshatsha, inakwama siku tatu. Kabedi, mwalimu kijana, yumo ndani, ana homa. Antoine, karani wa stesheni, anamsongea bukari, ugali wa kwetu, kwa mikono yake mwenyewe. Bukari ina mabonge. Kabedi anaimaliza yote. Wanaoana. Basi.

Sharti ni moja: filamu ifuate kitabu. Nikifaulu, Mama atawapokea wazee wangu waje kumposa Ernestine. Nikishindwa, kazi atapewa Gael, na wazee wakae kwao. Huyo Gael anapiga video za arusi. Ana kamera ya miguu mitatu, na anamtazama Ernestine kupita kiasi. Mimi ninauza vifuniko vya simu sokoni, lakini simu yangu inapiga picha safi. Nimeapa mbele ya Mama kwamba sitabadilisha kitu.

Jumanne, 4 Juni

Nimebadilisha kitu kimoja tu. Treni.

Tumekaa kando ya reli tangu saa mbili asubuhi, mimi na Ernestine, anayeigiza mama yake. Mpaka saa tisa alasiri hakuna treni. Amepita mbuzi. Nimeamua Kabedi asafiri kwa pikipiki. Ernestine akauliza pikipiki itakwamaje siku tatu. Nikamjibu: pancha. Akauliza, pancha ya siku tatu? Msichana mzuri, ila hana jicho la sinema.

Jumatano, 5 Juni

Nimempata Antoine! Ni rafiki yangu Séraphin, mchimbaji wa shaba kule Mutoshi, kifua kama mlango. Kwenye picha ukutani kwa Mama Kabedi, Antoine wa kweli ni mwembamba na ana miwani. Lakini nani ataangalia filamu ya mwembamba?

Ukarani pia nimeufuta. Séraphin ameshika kalamu mara moja, ikavunjika. Kwa hiyo Antoine sasa ni mchimbaji. Na mchimbaji mwenye kifua kile lazima apigane na mtu. Nimeongeza majambazi watatu. Dakika tisa, si nyingi.

Gael amepita, akasimama, akauliza majambazi wamo ukurasa wa ngapi. Nimemwambia wako katikati ya mistari. Ameondoka akicheka. Mtu wa wivu!

Alhamisi, 6 Juni

Mkosi. Leo ilikuwa zamu ya bukari. Unga tayari, maji yanachemka. Séraphin akauona mwiko, akarudi nyuma. Anasema wenzake wa Mutoshi wakimwona anasonga bukari watamwita Mama Séraphin mpaka kaburini. Akaniapia mimi, kaka yake mkubwa: "Mi niko mwanaume, Yaya Sadrack! Bajambazi, leta hata kumi. Mwiko, hapana!"

Nimembembeleza saa nzima. Maji yakakauka. Mwishowe nimempa Ernestine mwiko. Kabedi anapika, Antoine anakula, homa nimeitoa. Bukari ikatoka laini, hakuna bonge hata moja. Picha nzuri sana!

Ernestine amesema jambo moja tu: ule mwiko ndio kitabu chote. Nikamwambia kitabu kina kurasa arobaini, na mwiko uko kwenye ukurasa mmoja. Akaenda kuosha sufuria.

Jumamosi, 8 Juni

Onyesho uani kwa Mama Kabedi, saa kumi na mbili jioni, shuka ukutani. Majirani wote. Gael kiti cha mbele, bila shaka.

Pikipiki: Mama akakunja uso. Majambazi: watoto wakapiga makofi, nikainuka kidogo wajue ni kazi yangu. Bukari: Mama akasimama mbele ya shuka, picha ikawa inacheza juu ya kitenge chake.

"Antoine yangu hakupiganaka na mutu," akasema polepole. "Alikuwa anaogopa hata bata. Alipikaka bukari, batu ba stesheni bote banamucheka, yeye anapika tu. Mi nilikula na mabonge yote. Umemunyanganya mwiko, mwanangu."

Akaingia ndani. Alikuwa analia. Nimeona aibu, aibu ya kweli. Ni miaka minne tu tangu amzike, na mimi nimemletea mume wa mtu mwingine. Gael hakucheka. Alinisaidia kukunja shuka, jambo lililoniudhi zaidi.

Jumapili, 9 Juni

Baada ya misa nimeenda kwa Mama na unga wangu. Nimepiga magoti. Nimesema Antoine nitamwigiza mwenyewe. Akanitazama mwili mzima, akasema wembamba angalau ninao.

Nimevaa miwani ya jirani, sioni kitu. Nimesonga bukari mbele ya Mama, Ernestine na nusu ya mtaa. Wanaume walicheka wakashika mbavu. Nikasonga tu. Simu alishika Gael, maana wengine wote walikuwa wanatetemeka kwa kicheko. Nimeungua kidole. Na mabonge! Mengine makubwa kama mayai.

Mama Kabedi akamega moja, akalitafuna kwa muda mrefu. Halafu akacheka mpaka machozi. "Ah! Ile njo yenyewe kabisa." Akala mpaka kitako cha sufuria kikaonekana. Amesema wazee wangu waje siku ya posho, yaani Jumamosi ijayo. Ernestine akanishika mkono mbele ya watu wote. Nampenda, jamani. Nampenda yeye na nampenda mama yake.

Nimeelewa sasa. Hadithi ya mtu haiguswi!

Ijumaa, 14 Juni

Wazee wanaenda kesho. Mama Kabedi ameandika karatasi ambayo Tata Lukusa, mdogo wake baba yangu, ataisoma: jinsi mimi na Ernestine tulivyojuana. Mistari mitatu. Nilimuuzia kifuniko cha simu. Hakikuenea. Alirudi kukibadilisha mara nne. Kweli tupu, na nimeisoma mara mbili.

Ila ni fupi. Na mto haumo. Mapenzi ya huku kwetu Lualaba bila mto! Nimeongeza kipande kidogo kwa chini: Ernestine anachukuliwa na maji, mimi najirusha. Yumo na kiboko, mmoja tu.

Tata Lukusa ameniuliza tangu lini ninajua kuogelea. Nimemwomba kwa heshima asome kama ilivyoandikwa, asiongeze lake.