Samaki wa Chumba cha Chini Hawahami

Kwa Ami yangu, Bwana Ghassan,
Mombasa.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakufikia ukiwa na afya njema na ukiwa umekaa. Sisi huku kisiwani Amu tu wazima, na samaki pia, ingawa wao wamepungukiwa na raha tangu Ijumaa.

Siku hiyo ujumbe wako wa sauti ulisikizwa nyumba nzima. Umeamuru tangi langu la kioo liondolewe, na vilivyomo virudishwe baharini, kabla ya harusi ya binti yako Hayat, kwa kuwa chumba cha chini ndicho kitakachopambwa kuwa cha bibi harusi. Wewe ndiwe mkubwa wetu tangu baba alipofariki, na sijawahi kukujibu. Leo naomba ruhusa nikujibu kwa maandishi. Kwa mdomo nitalia, na machozi yana chumvi ya kipimo kisichofaa.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Inasemekana ni upuuzi kufuga bahari ndani ya nyumba iliyo karibu na bahari. Musab, mwenye punda anayenibebea madumu ya maji kutoka gatini, hunipigia kelele mbele ya watu: "Bi Raihana, punda wangu auliza, bahari imekauka?" Nimemweleza punda, kupitia kwa Musab, kwamba maji ya gatini yana mafuta ya mashine za boti, na kwamba yangu huchotwa mbali, penye mkondo safi. Wewe nawe, Ami, umezungukwa na hewa pande zote, na bado umenunua mtambo wa kutengeneza hewa ya chumbani. Mimi sikukucheka.

2. Bibi Kadija, mama yako. Magoti yake hayamshushi tena hadi pwani, kwa hiyo hukaa mbele ya kioo kutwa na kusema bahari imekuja kumtazama. Hilo silipingi. Napinga mahamri. Huyamega na kuyatia majini, kisha huniambia, "Wameyapenda, watizame." Wiki ya Maulidi alipita na mrashi akiwanyunyizia wageni marashi ya mawardi, na alipofika kwenye tangi hakuona sababu ya kuruka. "Na hawa ni wageni," alisema. Povu lilifurika hadi sakafuni. Kwa siku kadhaa samaki walijibanza pembeni, wakinukia kama maharusi, na nilibadilisha maji mpaka mikono ikanichubuka.

Zaidi ya hayo amewapa majina ya watu wa ukoo. Yule samaki wa aina ya kikande, mwenye kichwa kikubwa anayehamisha mawe ya wenzake na kuyapanga apendavyo yeye, anaitwa Ghassan. Nilijaribu kukutetea. Alinijibu, "Mtizame vyema, kisha nambie nimekosea wapi." Nilimtazama vyema. Naomba tuendelee.

3. Wageni wa harusi. Shangazi Nadra huja na chetezo cha udi, husimama mbele ya kioo na kugawa: "Huyu wa nazi. Huyu wa kukaanga. Huyu mdogo, muacheni akue." Lakini aliyepita mpaka ni mkweo mtarajiwa, Husni, bwana harusi mwenyewe. Kila kiumbe kilicho ndani ya tangi hilo kina kibali halali cha idara ya uvuvi. Husni ndiye pekee mle chumbani asiye na kibali, na ndiye pekee anayemeza mate.

4. Umesema, kama haliwezi kutoka, lipandishwe juu. Ami, boriti za dari yetu ni za zamani. Tangi hili likijaa lina uzito wa harusi nzima pamoja na wapiga ngoma. Likipandishwa litashuka lenyewe.

5. Kuta za nyumba hii zimejengwa kwa matumbawe yaliyochongwa na mababu zetu. Yaani sisi tumeishi ndani ya matumbawe mafu kizazi baada ya kizazi na hakuna aliyetutimua. Basi haya machache yaliyo hai ndani ya tangi nayo yana haki ya kuishi ndani ya nyumba yetu. Nimelifikiri jambo hili kwa muda mrefu, nikiwa peke yangu, na sioni kasoro yake.

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu, chumba cha chini kifanywe wakfu wa samaki hao na vizazi vyao. Kama kadhi atasita, basi angalau yafuatayo: tangi lisiguswe, mlango ufungwe, ufunguo uwe mmoja tu, na kwa juma zima asiingie mgeni yeyote, ili viumbe hawa wapate utulivu. Hayat apambiwe chumba cha juu, chenye upepo mzuri, na ambacho boriti zake zinamweza.

Nisalimie mkeo Mama Aaliya, watoto wote, majirani wa ghorofa, na mtambo wa hewa. Bibi Kadija anakusalimu. Ghassan amesimama kwenye tundu lake na hataki kusalimu mtu.

Mwana wa nduguyo, mtiifu katika mambo mengine yote,
Raihana Obeid.

Tanbihi: Kabla sijaifunga barua hii, Hayat, aliyekuja huku kujiandaa na harusi, aliingia chumba cha chini na taa za buluu za tangi zikiwaka. Akakaa chini, kisha akasema haolewi penginepo. Bibi Kadija ameshampa baraka zake. Kwa hiyo tangi halitaguswa. Siku saba za fungate, ambazo maharusi hawatoki, mlango utafungwa, hataingia mgeni yeyote, na ufunguo utakuwa mmoja tu. Nimepewa neno kwa neno kila nilicholiombea tangi. Ufunguo atakuwa nao Husni.

Ami, wewe ndiwe mkubwa wa nyumba hii. Usirudi nyuma. Simamia amri yako ya kwanza, liondolewe kabla ya harusi; madumu nitayabeba mwenyewe. Husni amepita jioni hii kukagua chumba. Ameniuliza, kwa adabu kabisa, kama Ghassan huchunwa ngozi kwanza au hupikwa nayo.