Taa ya Kushoto na Leseni ya Mama Mkwe

Kwa Ndugu Mtahini Mkuu wa Madereva,

Salamu nyingi, na pole kwa kazi ya kukaa garini na watu wasiojua breki iko wapi. Nakuandikia kwa heshima kumlalamikia msaidizi wako mwenye miwani, ambaye amemwangusha tena mama mkwe wangu, eti gari langu halikuonyesha taa ya kukata kushoto. Mama alikuja kwetu kujifunza udereva, na ameapa haondoki bila leseni. Kiti changu cha sebuleni nimeshakisahau. Hivyo naomba uyapime haya:

1. Taa ile si mbovu, ni jeuri tu. Fundi umeme amebadilisha balbu, fyuzi na flasha, kile kidude cha kuipepesa taa. Kwake inawaka vizuri. Gari likifika kwenye kona, kimya.

2. Dawa yake tunaijua: ukilipiga buti la gari ngumi upande wa kushoto, inawaka. Nilimwomba msaidizi wako kwa adabu akae kiti cha nyuma, awe anagonga kila wakikaribia kona. Akakataa, akidai yeye ni mtahini. Kwani kugonga kunamzuia kutahini?

3. Nikajitolea kukimbia nyuma ya gari nigonge mwenyewe. Akaniita kikwazo barabarani. Mama alipotoa mkono dirishani, akaandika kwamba anasalimia watu. Ni kweli alikuwa anasalimia, lakini gari lilikata kushoto vilevile.

4. Kwa hiyo naomba mama apewe mtihani wa kona za kulia tu. Hilo likishindikana, barabara ya mtihani inyooshwe moja kwa moja hadi nyumbani kwake, akapokelee leseni huko huko.

Ndugu yangu, nateseka. Jana amebadilisha mapazia ya chumba changu cha kulala, na mke wangu akayasifu.

Nisalimie wote hapo ofisini, hata yule wa miwani, na shemeji na watoto nyumbani.

Ni mimi, mkwe asiye na pa kukaa.

Tanbihi: Kabla sijaituma barua hii, mama amefungua buti mwenyewe, akaukuta waya wa ethi, ule wa kurudisha umeme wa taa, umeshika kutu pale unapofungwa kwenye bodi ya gari. Akaukwangua kwa kisu cha jikoni, akaukaza. Taa haijagoma tena, na leo amefaulu. Nikambebea sanduku hadi mlangoni kwa furaha. Akalirudisha chumbani: maadamu ana leseni, atabaki awe ananipeleka kazini na kunirudisha kila siku. Tafadhali ifute leseni hiyo leo hii. Gari lile ni bovu kupita kiasi, na taa ya kushoto haiwaki kabisa.