Korola ya Rangi ya Chai ya Maziwa

Jumatatu, 2 Desemba 1996

Nimeamua. Kabla ya Jumapili nitakuwa na gari. Siyo la kuazima. Langu!

Jumapili binti yangu Gladness anapata kipaimara hapa Rau. Bibi yake, Mama Yuditha, lazima ateremke kutoka Mwika ndani ya gari langu. Nilimwahidi marehemu mke wangu. Theodora alikuwa amelala, mkono wake juu ya wangu, akasema siku ya Gladness bibi yake asije akabanwa na magunia ya watu kwenye basi. Nikasema atakuja kwa gari letu. Akauliza la rangi gani. Nikamwambia achague. Akafikiri kweli, kama vile lipo dukani. Akasema rangi ya chai ya maziwa.

Fedha ipo. Kuna kiinua mgongo walichonipa walipotupunguza kazini kwenye ushirika wa kahawa, na kuna akiba ya maziwa aliyoiweka Theodora mwenyewe.

Leo shemeji yangu Eliakim, kaka yake Theodora, ametuma ujumbe kutoka Dar. Anapanda mlimani mapema mwaka huu na lile gari lake kubwa. Mama atamleta yeye, mimi nisijisumbue. Nisijisumbue!

Jioni nikapita kwenye yadi ya magari ya Ebenezeri, njia ya Arusha. Nikaliona. Korola! Jipya kabisa, yaani limetumiwa na Wajapani tu. Rangi ya chai ya maziwa, ile chai yenye maziwa mengi. Nikauliza bei kwa mbali, kama mtu anayeuliza saa. Milioni mbili na nusu. Nitalichukua kwa mbili. Nimepima kahawa ya watu nusu ya maisha yangu. Mtu akitaka kunidanganya, naona kwenye shingo yake.

Jumanne, 3 Desemba

Mbinu ya kwanza: umaskini. Muuzaji akimwona mnunuzi amechakaa, moyo unalainika na bei inashuka. Nikavaa shati la kukamulia ng'ombe na yale malapa ya bafuni. Gladness akauliza kama naenda kuzibua mtaro. Nikamwambia hii ni biashara, hawezi kuelewa.

Nilipofika yadi sikupata hata nafasi ya kusalimia. Ebenezeri akanipa ndoo na kitambaa. Alikuwa anamsubiri mtu wa kuosha magari, na huyo mtu alikuwa amechelewa. Akanigombeza kwa kuchelewa.

Nikafikiri haraka. Je, kuna njia bora ya kukagua gari kuliko kuliosha? Nikaosha. Nikapitisha mkono kila mahali, mlango kwa mlango. Mlango wa mbele kushoto niliuosha mara mbili, sijui kwa nini. Pengine kwa sababu huko ndiko angekaa. Ebenezeri akanitazama sana. Akasema hajawahi kuona mtu anaosha gari kwa upendo hivyo.

Akanipa mia mbili na soda. Kwa hiyo mpaka sasa nimeshapunguza bei kwa mia mbili, na soda juu.

Jumatano, 4 Desemba

Leo nikarudi nimevaa vizuri. Ebenezeri akanitambua papo hapo. Akacheka mpaka akashika boneti. Akasema, "Mangi, kumbe jana uliosha gari lako mwenyewe!" Sikupenda hilo neno "lako". Alilisema kama mtu aliyekwisha kuuza.

Nikataja mbili. Akasema mbili na nusu, na kwamba mwezi huu Wachaga wote wanapanda nyumbani na kila mmoja anataka kufika na gari, kwa hiyo nimshukuru kwamba hajapandisha. Nikamwambia Desemba ndiyo bei inashuka, maana watu wana karo ya Januari. Akasema hilo hajawahi kulisikia. Nami nilikuwa silijui mpaka nilipolisema, lakini lina mantiki.

Nimepanga mbinu ya pili. Jirani yangu Filemon, fundi cherehani, atakuja kesho kama mnunuzi mwingine. Mimi nitakuwa nimesimama pale. Yeye atalizunguka gari, atasonya, ataliita kopo, atataja milioni moja na nusu kisha aondoke amekasirika. Hapo mbili yangu itasikika kama sadaka ya mavuno. Tumefanya mazoezi nyuma ya zizi. Filemon anasonya vizuri sana. Ng'ombe aligeuka.

Alhamisi, 5 Desemba

Filemon!

Alikuja saa tuliyopatana. Akalizunguka gari. Akasonya. Mpaka hapo safi kabisa. Kisha Ebenezeri, kwa upole, akamwambia aketi ndani kidogo. Filemon akaketi. Akafunga mlango. Mlango ukalia ile sauti ya mlango mzuri, kama mtu anayefunga Biblia. Alipotoka alikuwa mtu mwingine.

Akasema gari ni zuri. Nikamkonyeza. Akasema analitaka kwa mbili na nusu. Nikakohoa. Akadhani namshindania! Akataja mbili na laki sita. Ningefanya nini? Ningenyamaza, gari la Theodora lingekwenda kwa Filemon mbele ya macho yangu. Nikasema na laki saba. Filemon akavua kofia akasema, "Mzee, huyu ni wangu, nimempenda kwanza." Nikataja mbili na laki nane kwa sauti ambayo sijaitumia tangu siku za ushirika. Ebenezeri wakati wote huo alikuwa ameketi kwenye tairi anakunywa soda.

Njiani nikamuuliza Filemon hizo fedha angezitoa wapi. Akasimama. Akasema lo, alikuwa amesahau.

Gladness amesikia yote kwa mke wa Filemon. Ameniuliza kwa nini bei imepanda kutoka mbili na nusu. Nikamwambia aangalie upande wa pili: Filemon alikuwa tayari kufika tatu. Nimemzuia.

Lakini Eliakim amekwisha kufika Mwika. Watu wa sokoni wameliona gari lake. Wanasema ni refu, kuliingia mpaka upande kama ngazi.

Ijumaa, 6 Desemba

Usiwe na wasiwasi, Theodora. Nimepata mbinu ambayo haijawahi kushindwa mlimani.

Isale! Ebenezeri ni Mchaga wa Mamba, jirani wa Mwika kabisa. Kwetu mtu akikujia na jani la isale amelipiga fundo, huwezi kumkatalia. Hata kama aliua ng'ombe wako. Nikakata jani zuri kwenye ua wangu, nikalifunga, nikaenda kumpa kwa mikono miwili. Nikamwambia, "Ndugu yangu, nimekuja na isale. Rudisha bei kwenye mbili."

Ebenezeri akaacha kucheka. Akavua kofia. Akalipokea jani kwa mikono miwili na kuinamisha kichwa kama mtu wa ibada. Nikajua nimeshinda. Kisha akawaita mjomba wake, mlinzi wa yadi, na fundi aliyekuwa chini ya lori. Wote wakaja wakasimama. Akasema isale huletwa na aliyekosa kuomba msamaha, na yeye ni mtu wa mila, hawezi kukataa. Sasa niseme mbele ya mashahidi, nilimkosea nini?

Hapo pakawa pagumu. Nikasema sijamkosea. Mjomba akauliza kwa ukali kama basi nacheza na isale. Huyo mzee ana macho mekundu na fimbo. Nikasema nimekosea. Akauliza nini. Nikataja habari ya Filemon. Fundi akacheka, mjomba akamkanyaga mguu.

Ebenezeri akanisamehe pale pale. Machozi yalimlenga, au ni moshi wa lori. Akanikumbatia. Kisha mjomba akakumbusha kwamba kwa mila yetu aliyekosa ndiye anayeleta mbuzi na mbege, ile pombe yetu ya ndizi, wapatanishwa wale pamoja. Nikauliza, na bei? Ebenezeri akasema kwa huzuni kubwa kwamba sasa tumepatana, hatuwezi tena kugombana, na kuvutana bei ni kugombana. Neno la mwisho nililolitamka mwenyewe lilikuwa mbili na laki nane. Kulirudia ni kuufungua ugomvi, na mzee ameshaufunga.

Hata mimi niliona ni kweli.

Mbuzi akaliwa pale yadi. Mbege ilikuwa nzuri. Nimelipa, nimesaini, nina funguo mfukoni. Halafu, nikiwa naondoka, Ebenezeri akanipa kifuniko cha usukani chenye manyoya. Bure! Sikukiomba. Mtu hatoi kitu bure kwa mnunuzi aliyemshinda kirahisi.

Jumamosi, 7 Desemba

Nimeendesha Rau yote. Leseni ninayo tangu pikapu ya ushirika. Gladness amekaa nyuma, amesema linanuka mbuzi. Ni manyoya ya usukani.

Jioni nimelipaki mahali ambapo Theodora alikuwa anaanika maharage. Zamani nilikuwa nikipita pale kwa kuruka ili nisiyakanyage. Leo niliposhuka nikaruka tena.

Jumapili, 8 Desemba

Nimepanda Mwika asubuhi mapema. Nilipofika kihambani, kwenye migomba ya nyumbani kwa Mama Yuditha, nikakuta Eliakim amefika kabla yangu. Gari lake limejaa njia, migomba miwili imelala. Yeye mwenyewe suti, viatu vinang'aa. Akasema, shemeji, karibu, lakini Mama tayari ni wangu.

Nikamsalimia Mama shikamoo. Akaitika marahaba, akaniuliza kama Gladness amekula. Kisha akaliendea gari la Eliakim. Akaliangalia kile kidato chake. Akainua mguu. Haukufika. Eliakim akaleta kigoda. Mama akaangalia kigoda, akaangalia gari, akamuuliza mwanawe kama anataka kumpandisha darini kama mahindi. Akageuka. Akaja kwenye Korola. Mlango chini, kiti chini, akaingia kama anaketi jikoni kwake.

Ila kwanza nilikuwa nimemfungulia mlango wa mbele. Alikataa. Akasema hapo ni pa Theodora. Akauegemea mlango kidogo, akakipangusa kile kiti kwa kiganja, ingawa hakikuwa na vumbi, kisha akaketi nyuma. Sikuendesha haraka.

Eliakim akatufuata nyuma na gari lake.

Tulipofika soko la Himo, Mama akataka machungwa ya watoto wa sherehe. Nikazima gari kuokoa petroli. Yule mama wa machungwa akataja bei. Mama Yuditha akashika chungwa moja, akalitazama tu. Hakusema neno. Mwenye machungwa akashusha bei. Mama akaendelea kulitazama. Akashusha tena, akaongeza na mawili juu. Nadhani Mama alikuwa amechoka na safari. Nilitaka kumsaidia kubembeleza bei lakini walikuwa wamemaliza.

Tulipotaka kuondoka gari halikuwaka. Betri! Saa za ibada zinakwenda. Nikafungua boneti nikaangalia ndani kwa uso wa mtu anayejua. Eliakim akaja akitabasamu, akamwambia Mama ahamie kwake. Mama akasema yeye ameshakaa. Eliakim akaeleza kwamba gari limekufa. Mama akasema, "Si una nguvu? Sukuma, mwanangu." Na Eliakim, mtu wa ofisi kubwa ya Dar, akavua koti akasukuma. Soko zima la Himo likamshangilia. Likawaka. Kiatu kimoja kilimvuka.

Tuliingia kanisani wakiwa wanaimba, kabla ya majina kuitwa. Gladness alikuwa amesimama mstari wa mbele na gauni lake jeupe, shingo imegeuka mlangoni. Alipomwona bibi yake akageuka mbele haraka. Mabega yakashuka. Mchungaji alipoita jina lake aliitika kwa sauti ya mama yake. Mama Yuditha akanishika mkono, akaubana, akauachia.

Mchana, tukila machalari ya ndizi na nyama, Eliakim akaniuliza nililinunua bei gani. Nikamwambia. Akapaliwa na ndizi. Akasema Dar lingepatikana kwa mbili. Nikamwambia Dar hawana heshima ya mila.

Jumatatu, 9 Desemba

Sikukuu ya Uhuru. Maduka yamefungwa, nimepata nafasi ya kufikiri kwa utulivu.

Betri mpya lazima. Kesho naenda duka la vipuri. Mbinu: utajiri. Nitavaa suti ya kipaimara, nitaingia kama mtu mwenye magari mengi asiyejua ni lipi lina shida. Nitamwambia muuzaji kwamba bei si tatizo kwangu kabisa. Mtu akisikia bei si tatizo, anaona aibu kunipandishia.

Mama Yuditha amelala kwetu, anarudi Mwika kesho. Amesikia mpango nikiusoma kwa sauti. Amesema atakuja nami dukani, asimame tu hapo. Nimemshukuru sana. Nimemwomba, kwa heshima zote, abaki ndani ya gari. Hii kazi inataka mtu wa maneno.