Ubao wa Meko Wakati wa Saba Saba

Jumatatu, 1 Julai 1968

Mzee Masolwa, mwenyekiti wetu wa tawi la chama, ametangaza kuwa siku ya Saba Saba kamati itakunywa chai katika nyumba moja ya mtaa huu. Hapo hapo itateua katibu mpya. Atapita Ijumaa kukagua sebule zetu. Ni wazi atakayepata chai atapata na ukatibu. Nimerudi nyumbani nikitembea kama katibu. Mpinzani ni mmoja tu, jirani yangu Mwalimu Yoramu. Yeye ana miwani na mwandiko mzuri. Mimi nina akili.

Nyumba zetu zilijengwa kwa ajili ya maofisa wa Kizungu. Kila sebule ina meko ya ukutani yenye dohani hadi juu ya paa, na juu ya meko pana ubao mnene wa mninga. Ujanani nilifagia nyumba hizi. Nakumbuka wenyewe walivyoupamba ubao ule kila sikukuu. Basi nami nitapamba. Mke wangu Zamda huweka vitunguu ndani ya meko. Nimemwambia vihame. Ameuliza vihamie wapi. Nimemjibu hilo ni jambo dogo.

Vimehamia chini ya kitanda, upande wangu.

Jumanne, 2 Julai

Nimepiga baiskeli hadi Kipalapala. Nilisikia mapadre wanasafisha stoo. Anton, mpishi wao, amenipa vinara viwili vya shaba. Kimoja kimepinda kama mtu asiyesikia vizuri. Nikapitia sokoni kwa wauza vikuukuu. Nimepata pembe za tandala, saa isiyo na mshale mrefu, na kombe linalong'aa lenye maandishi ya Kiingereza. Vyote kwa koti langu la mtumba, la kafa ulaya. Muuzaji alidhani amenipunja. Maskini, hajui.

Jumatano, 3 Julai

Baridi kali. Koti lilikuwa zuri.

Nimepanga ubao mara nne. Saa katikati, kombe kulia. Zamda anasema dohani linanguruma. Nimemweleza kuwa ni redio ya Yoramu. Anasema Yoramu yuko shuleni. Basi ameiacha wazi, nikamwambia. Watu wa namna hiyo hawafai kuwa makatibu.

Ijumaa, 5 Julai

Siku mbaya. Mzee Masolwa amekuja, na Yoramu nyuma yake bila kualikwa. Mzee amelitazama kombe kwa heshima. Nikasema marehemu baba alilishinda katika mashindano ya kilimo. Yoramu akavaa miwani akasoma kwa sauti ya darasani: "Mbwa wa pili kwa uzuri, mwaka elfu moja mia tisa hamsini na moja."

Mzee Masolwa akauliza kwa upole kama marehemu alikuwa pia mfugaji. Nikasema ndiyo.

Yoramu hakutosheka. Akasema vinara na pembe ni mapambo ya kibwanyenye, na sisi tuko katika Ujamaa. Mzee akasema ataamua kesho. Alikunywa chai ya tangawizi ya Zamda vikombe vitatu, akaaga.

Jumamosi, 6 Julai

Nimeamka na mpango mpya. Ujamaa wanautaka? Wataupata. Vinara, saa, pembe na kombe vimekwenda chini ya kitanda. Zamda ameuliza kama mimi nitabaki juu. Nimemwomba shemeji yangu wa Puge, aliyekuja mjini na mkokoteni, aniachie jembe lililochakaa, kibuyu na masuke ya mtama. Dereva mmoja wa lori kutoka Igunga amenipa pamba iliyomwagika. Jembe katikati, pamba huku na huku. Yoramu amechungulia dirishani akaondoka. Jembe limemtia kidonda.

Alasiri Mzee Masolwa ameleta habari: chai itanywewa kwetu. Amesema ni kwa sababu ya tangawizi ya Zamda. Anaficha tu. Ni jembe.

Jumapili, 7 Julai. Saba Saba

Naandika kwa jicho moja.

Kamati ilifika watu saba, pamoja na Yoramu aliyepewa kazi ya kuandika kumbukumbu. Upepo ulikuwa wa baridi, nami bila koti nilikuwa natetemeka. Mzee Masolwa akauliza kama meko yale yanafanya kazi. Nikasema yanafanya kazi barabara. Sijawahi kuyawasha hata siku moja. Nikapanga kuni, nikawasha. Moshi ukapanda kidogo, ukakataa, ukarudi sebuleni. Kisha ile redio ya Yoramu ikashuka dohanini. Nyuki.

Walikuja kama wamealikwa. Yoramu aliruka nje kwa dirishani akaacha kiatu kimoja na daftari la kumbukumbu za mkutano. Mimi niliingia chini ya meza. Nyuki walijua pa kunipata. Zamda alijitanda kanga mpaka machoni, akafungua milango yote, akamshika mkono mjumbe mzee kuliko wote akamtoa nje, akarudi kuchukua birika, akarudi tena kuchukua daftari. Kisha akatuhesabu uani. Tulipungua mmoja. Akaja kunivuta miguu.

Mzee Masolwa ni mtoto wa warina asali. Aliomba gunia bichi na majani mabichi, akaingia peke yake akiimba taratibu Kinyamwezi. Alitoka na sufuria mbili za masega. Tukala asali kwa mihogo uani, hata waliovimba. Watu walicheka mpaka Yoramu naye akacheka, na mdomo wake ulikuwa umefika puani.

Ndipo Yoramu akasimama na kiatu kimoja. Akasema yeye alikimbia, Ndugu Nassibu, yaani mimi, alijificha, na aliyeokoa watu na daftari ni Bi Zamda, aliyemaliza darasa la nane. Anapendekeza Bi Zamda awe katibu. Mikono yote ikapanda. Zamda alinitazama kwanza. Nami nikanyoosha wangu, kwa jinsi ulivyovimba. Nilijisikia vizuri kuliko nilivyotegemea.

Jumatano, 10 Julai

Uvimbe umeshuka. Nimefikiri kwa utulivu. Ukatibu umeingia katika nyumba hii kwa sababu ya ubao wangu, hilo halina mjadala. Sasa ni kujiandaa kwa Desemba tisa, sikukuu ya Uhuru. Nzega kuna mtu ana beseni la kuogea la Kizungu, la chuma, lenye miguu ya simba. Ukilijaza maua litafaa sana.

Zamda amepata habari, sijui kwa nani. Ameniandikia barua kwa wino, na mhuri wa tawi chini. Ndugu Nassibu anakatazwa kuingiza ndani ya nyumba kitu chochote kikuukuu bila idhini ya katibu.

Nimeisoma mara tatu. Baraza ya nje haikutajwa.