Usukani wa Mama Kihara

Jumatatu, 2 Juni

Habari njema kutoka Elburgon! Dereva wa lori aliyeniletea mbao za sofa ameona kitu ukutani kwa mjane mmoja. Alidhani ni pembe za ng'ombe. Pembe za chuma, zina bomba nyuma. Nikamwomba anichoree kwa kidole kwenye vumbi la boneti. Akachora. Usukani wa ndege, wa zamani, kabla wengi wetu hatujazaliwa.

Nimemwambia Linah, mke wangu. Ameuliza utakaa wapi. Nikasema chumba cha wageni. Akasema chumba cha wageni tulikuwa nacho zamani, kabla hakijajaa sukani na stiki, vifimbo vya kuongozea, za ndege ambazo hazitaruka tena. Yeye huona vyuma. Haoni kwamba kila kimoja nimekisugua kwa msasa mpaka kutu ikaisha, nikakivisha ngozi, nikakipaka nta. Jioni huketi mle, nikashika kimoja, nikafumba macho. Naondoka Nakuru. Napita juu ya ziwa. Flamingo chini kama unga uliomwagika.

Sijawahi kupanda ndege. Naandika hapa kwa sababu hakuna anayesoma. Nilikuwa mtoto Mau Narok ndege ya kunyunyizia dawa ilipopita juu ya ngano, chini sana, nikaona mkono wa rubani. Uso sikuuona. Mkono tu, umeshika usukani. Nimeufuata mkono ule mpaka nikaota mvi, na nimeishia kuwa fundi wa viti.

Jumanne, 3 Juni

Elburgon. Mpango: kujifanya mnunuzi wa kuku. Mtu akijua unataka kitu chake, ghafla kinakuwa cha babu yake.

Mjane mwenyewe anaitwa Wangeci, lakini majirani humwita Mama Kihara, kwa jina la mwanawe. Mama mzima, mrefu, mikono mikubwa. Nilimwamkia kwa adabu. Nikasifu kuku. Nikasifu banda la kuku. Nikasifu, kana kwamba nimeona sasa hivi, zile pembe zilizo ukutani. Sikumaliza. Alisema ule ni usukani wa ndege, ulikuwa wa marehemu mume wake Mburu, fundi wa ndege za dawa kwenye mashamba ya wazungu, na hauuzwi. Kisha akauliza nataka kuku wangapi.

Nimerudi Nakuru na majogoo watatu.

Lakini pia nimerudi na usukani! Niliona ngozi yake imechanika, nikamwambia kazi yangu ni kushona viti, naweza kuuvisha ngozi mpya bila malipo. Akasema Jumapili ya tarehe kumi na tano kutakuwa na maombi ya kumkumbuka Mburu, na angependa uwe safi siku hiyo. Akaufunga kwa taulo, akanikabidhi kwa mikono miwili kama anayekabidhi mtoto mchanga. Akaomba nisikae nao sana, maana ukuta utaonekana mtupu.

Majogoo wamelala jikoni. Linah amefunga mlango wa jikoni kwa ufunguo.

Alhamisi, 5 Juni

Adui amekuja karakana. Maxwel, mwenye hoteli kule Naivasha ambayo kuta zake zimejaa vitu vya kale asivyovijua: taa za reli, mapanga, taipureta. Mwaka jana alininyang'anya stiki safi kabisa, kwa sababu tu alifika kabla yangu. Sasa ameitundikia kofia.

Alikuja kuangalia viti vyake vya hoteli. Akauona usukani mezani. Niliufunika kwa mto, lakini nilikuwa nimechelewa. Akasema anautaka. Nikasema si wangu. Akasema kila kitu kina njia yake, kisha akaanza kuniambia habari za rafiki yake Sue, rubani anayerusha watalii kutoka kiwanja kidogo karibu na ziwa. Nikimpa usukani, Sue atanipandisha Jumamosi ya wiki ijayo. Nitakaa mbele. Tukishafika juu, ataniachia nishike mwenyewe.

Ilibidi nikae. Nilikaa kwenye kiti chake Maxwel, ambacho gundi yake haijakauka.

Suruali imebaki pale. Sijali. Nishike mwenyewe!

Jumapili, 8 Juni

Kanisani sikusikia mahubiri. Nilikuwa angani. Mchungaji alipoinua mikono, mimi niligeuza kidogo kushoto.

Wakati wa sadaka nikapata wazo. Mama Kihara anataka usukani wake. Maxwel anataka usukani. Hakuna aliyesema ni lazima uwe mmoja. Nyongesa, jirani yangu karakana, anachomelea mageti, na mkono wake ni mwepesi. Atengeneze wa pili unaofanana. Maxwel hawezi kutofautisha usukani na kipini cha baiskeli. Mjane atabaki na wake. Mimi nitaruka. Hakuna atakayeumia. Nilitoa sadaka nzuri.

Jumatano, 11 Juni

Nyongesa ni mtu hatari. Amekata bomba, akalikunja, akalichapa kwa nyundo ndogo mpaka likapata vishimo vyote vya uzee. Mimi nikaupaka usukani huo chai ya rangi na moshi. Kisha nikashona ngozi kwenye sukani zote mbili, ngozi ileile ya kahawia, mshono uleule. Kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Nilimwonyesha Linah zote mbili, nikamuuliza upi wa kweli. Akasema wa kweli ni ule utakaotoka nyumbani kwake.

Nimefunga uzi mwekundu ili nisichanganye.

Alhamisi, 12 Juni

Maxwel amekuja mapema kuchukua wake. Nikaenda mezani. Sukani mbili, mmoja una uzi mwekundu. Nikasimama. Uzi ni wa bandia au wa kweli? Nimefungua shajara hii nikasoma niliyoandika jana. Nimefunga uzi mwekundu ili nisichanganye. Basi. Hayo tu! Mtu mwenye akili angeongeza maneno mawili.

Nilizipima kwa mikono. Zilikuwa sawa. Nilizinusa. Zote moshi. Maxwel akapiga honi nje. Nikaamua kwa hekima: mtu hufunga uzi kwenye kitu cha thamani. Nikautoa uzi, nikaweka ule kwenye taulo la Mama Kihara. Mwingine nikampa Maxwel. Alinikumbatia. Akasema keshokutwa asubuhi Sue atakuwa ananingoja.

Nimeazima koti la ngozi la shemeji yangu.

Ijumaa, 13 Juni

Natamani leo isingekuwepo.

Mama Kihara alinikaribisha kwa chai na viazi vitamu. Alifungua taulo polepole. Alisifu ngozi, akasifu mshono, nami nikavimba. Kisha akaushika kwa mikono miwili, macho kwenye dirisha, kidole gumba kikateleza chini ya bomba. Kikatafuta. Kikarudi. Kikatafuta tena.

"Huu hakuushika Mburu," akasema.

Alinieleza kwa upole, kana kwamba mimi ndiye niliyefiwa. Mburu hakuvua pete yake hata akiwa kazini. Ndege yenye usukani ule alikuwa akiiwasha kila alfajiri, anaipasha moto, anaipeleka na kuirudisha uwanjani ikiwa chini, miaka na miaka. Pete ikala chuma. Pana kijibonde pale chini, kidogo sana, hakionekani. Kila asubuhi kabla ya kufungulia kuku, yeye huweka kidole chake humo.

Kidole chake. Kila asubuhi. Na mimi nilipima kwa kunusa.

Nikamwambia nimekosea, nimebeba usukani wa mteja mwingine, wake uko karakana, nitauleta Jumapili kabla ya maombi. Akaniamini. Akanifungia viazi vilivyobaki niwapelekee watu wa nyumbani. Angenitukana ningeendesha pikapu vizuri zaidi. Nimekosea njia mara mbili kwenye barabara niliyoizoea tangu ujana.

Mpango wa kesho: kwanza naruka, kisha namwambia Maxwel ukweli. Mpangilio ni muhimu.

Jumamosi, 14 Juni

Nilifika Naivasha na koti la shemeji, jasho tele. Maxwel alinipitisha kwanza hotelini kuniringia. Usukani wa Mburu umefungwa ukutani kwa skrubu, juu ya jokofu la soda. Chini yake kibao: NDEGE YA VITA. Nilijifanya nauangalia kwa karibu, nikapitisha kidole chini. Kijibonde kipo. Kidole changu kikalala humo chenyewe.

Tukaenda kiwanjani.

Sue ni mwanamke mfupi, mchangamfu, mwenye miwani ya jua. Alinisaidia kupanda, akanifunga mkanda, akanionyesha nisiguse nini. Mbele yangu, usukani. Mzima. Ulikuwa unatembea wenyewe kidogo, upepo ulipogusa mabawa, kama kitu kinachopumua. Nikaushika. Nimesubiri hili maisha yangu yote, na sitaandika nilivyohisi kwa sababu siwezi.

Kisha ngiri. Mama ngiri na watoto wake, katikati ya kiwanja, wanachimba. Sue akasema tungoje waondoke, hawakawii. Walikawia. Kama wasingekuwepo, saa hii ningekuwa mtu aliyewahi kuruka. Lakini tulikaa pale, mikono yangu kwenye usukani, na usukani ule ulikuwa laini chini. Laini kabisa. Kidole changu kilikuwa kinatafuta.

Sue akauliza mbona nalia. Nikasema ni upepo. Milango ilikuwa imefungwa.

"Nimempa Maxwel kitu cha mtu," nikamwambia.

Nilimweleza yote, Nyongesa, uzi, mama wa Elburgon. Aliondoa miwani. Hakunikaripia. Akasema ndege itaruka hata wiki ijayo, na itakayofuata, lakini maombi ni kesho. Akafungua mkanda wangu yeye mwenyewe.

Maxwel alikuwa nje akijiandaa kunipiga picha. Kilichomuuma si kwamba usukani una mwenyewe. Kilichomuuma ni kwamba nilikuwa nimekusudia kumpa bandia. Alirudia neno hilo, bandia, akinitazama kila mara kama mtu aliyeng'atwa. Akasema safari yangu imekwisha, leo na siku zote. Lakini tuliporudi hotelini alipanda kiti mwenyewe akatoa skrubu, moja baada ya nyingine, bila kuniangalia. Aliponipa usukani akauliza kama huyo mama ni mzee sana. Nikasema kiasi. Akasema mama yake pia, akaenda jikoni.

Ngiri walikuwa wameondoka. Sue aliruka na watalii wawili. Nilisimama kando ya pikapu nikamtazama akipita juu ya mashamba ya maua, mapaa yao ya plastiki yakimeta chini yake, kisha juu ya ziwa, kisha sikumwona tena. Niliendelea kutazama.

Jumapili, 15 Juni

Nilifika kabla ya wageni. Mama Kihara alipokea usukani, kidole kikaenda chini, kikafika. Akafumba macho. Mimi nikatazama kuku.

Halafu nikamwambia. Si yote, karibu yote. Akauliza nilikuwa nautakia nini hasa. Nikamsimulia habari ya Mau Narok, ngano, ule mkono. Sijawahi kumwambia mtu, hata Linah. Kisha akaniambia kwamba yeye amewahi kuruka, mara moja. Rubani mmoja alikuwa na shukrani kwa Mburu, akawapandisha wote wawili, wakazunguka juu ya msitu wa Mau. Aliiona nyumba yao. Aliona nguo alizoanika asubuhi. Mburu alishika usukani kidogo tu.

Wivu ulinipata. Mjane, siku ya maombi ya mumewe, na mimi namwonea wivu!

Nadhani aliuona. Alinikalisha kwenye benchi barazani, akaniwekea usukani mikononi. Nikaushika kama nishikavyo siku zote, nikiutazama.

"Usitazame mkono," akasema. "Mburu aliniambia ukitazama mkono unaanguka. Tazama mbele."

Nikatazama mbele. Ua, mahindi, barabara, halafu msitu, halafu mawingu yamekaa juu ya msitu. Alisimama nyuma yangu. Wageni walianza kuingia getini wakatukuta hivyo, mwanamume mzima na usukani usio na ndege, na hakuna aliyecheka. Nadhani tuliinuka kidogo.

Alhamisi, 19 Juni

Nimemwahidi Linah kwamba mambo ya ndege yamekwisha. Nilimaanisha. Alifurahi, akapika vizuri, tukazungumza kama zamani. Hiyo ilikuwa jana.

Leo mteja wa Naivasha amesema kule Kamere kuna mama muuza samaki anayevunjia barafu kwa kifimbo cha ajabu, cheusi, chenye kitufe juu. Kitufe! Stiki ya ndege, na anaipigia barafu! Usiku huu huu inazidi kupasuka.

Siwezi kumwambia naitaka. Nitajitambulisha kama mkaguzi wa mizani. Mkaguzi huogopwa, lakini mimi nitakuwa mpole, nitamsamehe kosa, naye kwa shukrani atanizawadia kifimbo. Hakuna atakayeumia. Nyongesa ananichongea beji. Linah anajua naenda kununua samaki, na nitanunua kweli, kwa hivyo si uongo.

Stiki si kama usukani. Usukani unaugeuza. Stiki unaiegemea tu, nayo ndege inajua ulikokuwa unataka kwenda.

Hii ndiyo ya mwisho.